Naomba ushauri: saratani ya Merkel (ya ngozi) na limfosaiti (chembe nyeupe za damu) nyingi

Wakuu wa maabara na kliniki za saratani hapa Mwanza, shikamooni. Mgonjwa wa miaka 68 kutoka Ukerewe ana uvimbe mwekundu shavuni, mgumu, hauumi, umekua ndani ya wiki chache. Patholojia: saratani ya seli za Merkel, kipimo cha protini ya CK20 kimetoa kinukta kando ya kiini cha seli, cha TTF-1 (alama ya saratani ya mapafu) ni hasi, hivyo ya mapafu siishuku sana. VVU hasi.

Kinachoninyima usingizi ni damu: limfosaiti 14,000 kwa maikrolita, na slaidi imejaa seli zilizopondeka. Nashuku lukemia sugu ya limfosaiti (saratani ya damu), ambayo huweza kuandamana na Merkel, kwani kinga imedhoofika.

Je, tezi ya limfu ya shingoni itolewe nzima ili ipimwe? Yaweza kubeba saratani zote mbili, sampuli ya sindano ikanasa moja tu. Na kwa flosaitometria (kipimo cha kutambua aina za seli za damu), damu ya EDTA (iliyowekewa dawa ya kuzuia isigande) tuipeleke wapi kabla ya saa 48?