Acheni kutudanganya kwamba hali timilifu ya Kiingereza ni "kitendo cha muda mfupi uliopita"

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Hivi nani alianzisha huu uongo kwamba hali timilifu ya Kiingereza, ile ya have na has, present perfect, ni ya "kitendo kilichomalizika muda mfupi uliopita"? Kila darasa ni hivyo hivyo, hata kozi ya mtandaoni niliyolipia kwa hela yangu slaidi ya kwanza ni sentensi hiyo hiyo, alafu ukiitumia vile ulivyofundishwa unachorewa duara jekundu na hakuna anayekwambia kwa nini.

Angalieni wenyewe. "The bus left ten seconds ago." Sekunde kumi tu, basi bado unaliona kwa macho, lakini ukisema "has left ten seconds ago" ni kosa. Alafu kuna "I have been to London", huyu anaweza kuwa alienda London miaka arobaini iliyopita na sentensi yake haina shida yoyote. Sasa huo muda mfupi uko wapi hapo?

Wanachotakiwa kusema ni kwamba kinachoangaliwa ni kama muda unaouongelea umeshafungwa au bado unafika mpaka sasa hivi unapoongea. Ukitaja jana, mwaka 2010, wiki iliyopita, umeshaufunga, nenda na wakati uliopita wa kawaida. Usipotaja muda, au ukitaja ambao haujaisha kama today, this week, since Monday, hapo have inakaa. Ndio maana "this morning" inabadilika, saa nne asubuhi unasema "I have called him this morning" ila ikifika jioni inakuwa "I called him this morning", simu ni ile ile, asubuhi ndio imeisha. Na ndio maana "Shakespeare has written many plays" inawakera wenye lugha, mtu alikufa 1616 haandiki tena, ila "Shakespeare has influenced many writers" ni sawa kabisa kwa sababu bado anawagusa waandishi mpaka leo. Mtu ukielezwa hivi unaelewa, sasa kwa nini hamsemi?

Uongo wa pili ndio unaniuma zaidi. Eti have ni -me- yetu, basi, tafsiri uende zako. Jamani! "Amelala" tunamaanisha yuko usingizini sasa hivi, mwanafunzi anaandika "he has slept" na msomaji anaelewa jamaa alishapata usingizi wake. "Amevaa koti", "amesimama mlangoni", "nimechoka", zote hizo Kiingereza kinatumia is na am. Alafu geuza upande wa pili, "namjua tangu utotoni" haina -me- hata moja lakini wao wanataka "I have known him", ndio maana watu wanaandika "I know him since childhood" mpaka wanazeeka. Na "nimemuona jana" sisi tunaongea kila siku hakuna anayeshtuka, kwao "I have seen him yesterday" ni kosa. Wala sio kwamba sisi ni wagumu wa kuelewa, Mfaransa anasema "je l'ai vu hier" na Mjerumani anasema "ich habe ihn gestern gesehen", maumbo yanafanana na ya Kiingereza na jana iko humo humo, na wao wakija kwenye Kiingereza wanakosea vile vile.

Kinachonitia hasira ni kwamba Kiswahili tayari kina kitu kinachofundisha hili somo vizuri na hakuna anayekigusa. Sijala na sikula! Nani hapa anazichanganya? Sijala, mlango uko wazi, naweza kula hata sasa hivi, "I haven't eaten". Sikula, ule muda ulishapita, "I didn't eat". Hata mtoto mdogo hawezi kukwambia "sijala jana", anajua mwenyewe. Hajafika na hakufika, hivyo hivyo. Anzeni na kukanusha ndio muende kwenye kukubali, badala ya kutukaririsha jedwali la go went gone mwezi mzima kana kwamba umbo ndio lilikuwa tatizo. Na umewahi, sijawahi, zinakupeleka moja kwa moja kwenye "have you ever" na "I have never", hapo -me- na -ja- zinasaidia kweli.

Been na gone nazo ni sentensi moja tu jamani: "she has gone" hayupo, "she has been" alienda akarudi.

Mwisho nyie watunga mitihani na hizo programu za simu. Mnaandika "I ___ my keys", hakuna muktadha wowote, mtu anajaza lost mnamkata kwa sababu mlitaka have lost. Zote mbili ni sahihi! Na "I already ate" Marekani wanaongea kila siku, mnaipigia mkasi kisa Uingereza wanapenda "I've already eaten". Wekeni hata sentensi moja ya maelezo kabla ya hiyo nafasi, mtu ajue funguo zimeshapatikana au bado zinatafutwa, la sivyo mkubali majibu yote mawili.