Naombeni ushauri: madaftari ya utafiti wangu yamebaki Goma, nimtume mdogo wangu ayavushe au niyaache?

Wakuu habari za usiku. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa na usingizi sipati.

Mimi kwetu Goma, mtaa wa Ndosho, niko Tanzania nasoma uzamivu mwaka wa tatu. Utafiti wangu ni mnyauko wa migomba. Ambao hawaujui, ni ule ugonjwa majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya muda na ukiipasua ndani ina rangi ya kutu, ukikata shina dakika chache tu linatoa usaha wa njano. Hauna dawa ya kupulizia. Nilikuwa nafuatilia wakulima 62 kule Kalehe, Kivu Kusini, wengine wanang'oa shina zima na machipukizi yake, wengine wanakata ule mgomba mmoja ulioumwa tu na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, afu kila mwezi tunarudi shamba lile lile tunahesabu. Ndo kazi yenyewe hiyo, kurudi na kuhesabu.

2024 barabara ya Sake ilipofungwa na vita tukawa tunaenda Minova, mji ulio ndani ya Kalehe, kwa boti. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wengi sana walikufa mbele ya macho ya ndugu zao waliokuja kuwapokea, na mmoja wa waliokufa alikuwa mke wa mkulima wangu namba 17. Mwezi uliofuata msaidizi wangu alienda akahesabu migomba ya namba 17 kama kawaida. Niliiandika ile namba kwenye kompyuta nikashindwa kuendelea siku nzima.

Tarehe 21 Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Minova, tarehe 27 wakaingia Goma. Msaidizi wangu katikati ya hizo siku alipita kwa mama akaacha madaftari matano na faili la fomu za ridhaa, zile ambazo wakulima walikubali kushiriki, yeye akakimbia, sa hivi yuko kambi ya wakimbizi Nakivale, Uganda. Mama ameyaficha ndani ya gunia la maharage. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, hela nikituma kwa simu wakala anakata anavyotaka maana keshi haipo. Mwezi wa tano baba akafariki. Nimemzika kwa WhatsApp, picha inakatika, nasikia watu wanaimba afu kimya, afu naona udongo.

Sasa supavaiza anataka data ghafi, kurasa zenyewe, kabla mwezi haujaisha. Mimi nina majedwali ya jumla tu, anasema hayatoshi, na kwa kweli hayatoshi. Ufadhili unaisha Desemba, na kibali changu cha kuishi kinategemea usajili wa chuo. Mdogo wangu ana miaka 19, ameniambia mwenyewe, kaka niachie nitayavusha mpaka pale Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda, nitayapeleka kwa basi, watu wanavuka kila siku kwenda kutafuta hela na mboga. Mama hajasema ndiyo wala hapana.

Nifanyeje wakuu?

Kibonde wa Moro
Pole sana ndugu, na pole kwa msiba wa mzee. Swali kabla ya ushauri, kwenye hayo madaftari kuna majina ya watu?

Mleta uzi
Kurasa za mbele za kila daftari zina jina, kijiji, namba ya simu na alama ya GPS ya shamba. Baada ya hapo ni namba tu, 01 hadi 62. Fomu za ridhaa zina majina na dole gumba.

Binti Bandarini
Mimi nasema acha hiyo PhD urudi ukamwangalie mama, karatasi haizidi uhai wa mzazi. Samahani kama nimekuumiza ila ndo ukweli.

Mleta uzi
Hujaniumiza dada, nimejiambia hivyo hivyo mara nyingi. Ila nikirudi mama ndo anapoteza mtu pekee anayemtumia hela ya unga. Na baba kabla hajafa neno la mwisho aliloniambia kwenye simu lilikuwa kuhusu hii shule.

Ya Kampala
Ndugu yangu, mimi pia ni wa Goma, familia iko Himbi, niko Kampala. Usitume huyo mutoto. Nakuambia kama kaka. Kijana wa miaka 19 na sakoshi yenye majina ya bantu 62, namba zao za simu na mahali shamba iko, hiyo ni liste, orodha ya watu. Hakuna askari wa upande wowote atasoma mnyauko ya ndizi pale, atasoma liste. Ataulizwa hawa ni nani, wanakupatia nini, nani anakutuma. Na si yeye tu, ile bantu ya Kalehe pia utakuwa umewaweka mukononi. Binamu yangu walimushika na simu tu, juu ya picha. Alirudi, lakini haongei tena vile alikuwa anaongea.

Mwalimu Nyakato
Nafundisha chuo na nimesimamia wanafunzi kadhaa, nitaongea wazi. Jibu alilotoa wa Kampala ndo jibu. Wakulima wale waliweka dole gumba kwa sababu uliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka, ahadi hiyo ni kubwa kuliko tarehe ya supavaiza, na supavaiza mwenyewe ukimwekea hivi mezani hana pa kukataa. Nina wasiwasi kwamba hajui kilichomo mbele ya daftari. Je umemwambia, au umemwambia tu "data iko Goma"?

Leo hii andika barua pepe, simu haitoshi, barua inabaki. Mwambie mambo matatu tu: madaftari yako wapi, yana majina ya watu walioko eneo la vita, na unaomba kamati ya maadili ya utafiti ielekeze nini kifanyike na yale majina. Nakala mpelekee mratibu wa masomo ya uzamili. Kamati nyingi zina utaratibu wa jambo lisilotarajiwa linalohatarisha washiriki, ukiripoti mapema unalindwa, ukiripoti baada ya mtu kuumia ni kesi. Halafu kwenye barua tofauti omba kuahirisha masomo kwa sababu ya msiba na vita. Usisubiri usajili uishe ndo uombe, wengi wanakwama hapo. Na nenda kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kuahirisha kunagusaje kibali chako kabla hujasaini chochote.

Mhaya wa Muleba
Mimi sio msomi, ni mkulima. Huu ugonjwa uliingia kwetu Muleba 2006, nilikuwa kijana. Tulikata migomba ya babu yangu yote, mzee akakaa kwenye kiti mlangoni akitazama, hakula siku mbili. Nakwambia tu kwamba hiyo kazi ina maana, usifikiri unahesabu ndizi wakati watu wanakufa. Kwetu aliyechelewa kukata ua dume kwa ule mti wa panda alipoteza shamba. Na kule kwenu watu wamekimbia, nani anakata ulioumwa? Nani anachoma panga? Wakirudi watakuta nini? Hilo si swali lako pia? Ukitaka shamba la kulinganisha uje Kagera, kwangu utalala bure.

Wa Eastlands
Pole sana bro. 2024 wakati wa maandamano hapa Nairobi nilikuwa naandika thesis ya masters, classmate wangu akapigwa risasi ya mguu, na mimi nikaendelea kuandika chapter tatu kama mtu amerogwa, sikulia hadi miezi minne baadaye nikiwa kwa matatu. Kuna mtu unaongea naye? Si kuhusu data, kuhusu mzee wako.

Mleta uzi
Hapana. Nimeisoma meseji yako nikatoka nje kidogo.

Mwalimu, umepatia, nilimwambia data iko Goma basi. Niliona aibu kueleza zaidi, nilihisi atadhani natafuta huruma. Mzee wa Muleba, asante, sikujua kama kuna mtu angeniambia hivyo.

Ya Kampala
Tena moja. Hata mama asipige picha za zile kurasa za majina, simu inafunguliwa. Kurasa za namba peke yake hazina mambo.

Mleta uzi (baada ya siku tisa)
Nimerudi wakuu. Barua niliandika usiku ule ule. Supavaiza alinipigia asubuhi, alinyamaza muda mrefu, akasema kwa nini hukuniambia tangu Februari. Kamati imejibu kwa maandishi, orodha ya majina iharibiwe hukohuko pamoja na fomu za ridhaa na mimi niandike taarifa ya tukio, namba zibaki. Kuahirisha mihula miwili kumekubaliwa, kibali bado nafuatilia, ufadhili hawajajibu.

Mdogo wangu nimemwambia hapana, akakasirika kidogo, anaona simuamini.

Jana jioni mama alinipigia video. Alikuwa ameketi jikoni, mbele yake jiko la makaa. Alichana kurasa za mbele moja moja, na kabla hajaitia kila moja motoni alikuwa anasoma majina kwa sauti ya chini, yote 62, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kwenye 17 alisimama akaniuliza huyu ndo yule wa boti? Nikasema ndiyo mama. Akaitia, akachukua inayofuata.

Madaftari yamerudi kwenye maharage.