Kwenda mgahawani na mvinyo wako, glasi zako na kizibuo chako: ni ushamba?

Baba Wawili
Wakuu salaam. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Fungate tulikwenda Cape Town, na siku moja tukapelekwa Stellenbosch kwenye mashamba ya zabibu. Tukanunua chupa moja ya mvinyo mwekundu, tukaapizana haifunguliwi mpaka mwaka wa kumi. Tumehama nyumba tatu, chupa ipo.

Nimeweka nafasi kwenye mgahawa mmoja Masaki, ile ya vitambaa vyeupe mezani. Shida ni kwamba sijawahi kuingia mahali na kinywaji changu. Baa za huku kwetu ukutani wameandika kabisa "Hairuhusiwi kuingia na vinywaji kutoka nje", na ukitoa hata maji kwenye mkoba mhudumu anakukodolea macho. Halafu nina glasi mbili za shina refu, kizibuo, na lile dude la kioo lenye tumbo pana la kumiminia mvinyo (mke wangu alizawadiwa kwenye kicheni pati yake, halijawahi kutumika). Nataka nibebe vyote. Mdogo wangu anasema nitaonekana nimehamia pale. Naombeni ushauri, na mhudumu nimwachie nini?

Kaunta ya Zamani
Mkuu hongera. Nimehudumu meza za hoteli miaka tisa, nisikilize mimi. Piga simu kabla. Usipige saa mbili usiku jikoni kunawaka moto, piga saa tisa alasiri, wa mchana wamekwisha na wa usiku hawajaanza. Uliza kama wanaruhusu, kokeji yao (ada ya kufunguliwa chupa uliyokuja nayo) ni shilingi ngapi, na kama inahesabiwa kwa chupa au kwa meza. Kisha uliza jina la uliyeongea naye. Hilo jina ndilo litakuokoa siku yenyewe, maana mlangoni utamkuta mtu mwingine asiyejua habari zako.

Na angalia orodha yao ya vinywaji. Chupa unayobeba ikiwa wanaiuza wao, iache nyumbani. Hapo unakuwa umekwepa bei tu, na kila mtu pale ndani atalijua hilo.

Mtoto wa Geti Kali
Mimi hiyo kokeji ndiyo sijawahi kuielewa. Chupa yangu, hela yangu, nilipie kuvutiwa kizibo? Kwenye kumbi za harusi tunapeleka kreti za bia na soda, kamati ya vinywaji inasimamia, maisha yanaendelea.

Kaunta ya Zamani
Ukumbini umelipa kodi ya ukumbi, na kumbi nyingi nazo zina kokeji yake, muulize mwekahazina wa kamati yoyote. Mgahawani kiti hulipii. Mpishi, umeme, leseni ya vileo, glasi inayovunjika, vyote vinategemea chakula na vinywaji utakavyoagiza, na vinywaji ndiyo vyenye faida. Chakula kinaoza, chupa haiozi. Ukija na yako umewaondolea faida lakini glasi wataosha, barafu wataleta, na kijana atasimama kukumiminia. Mahali nilipofanya kazi ilikuwa 30,000 kwa chupa, na mgeni akinunua chupa moja ya kwetu tulimsamehe. Liulize na hilo kwenye simu.

Bi Shanga
Hapo Masaki sina neno. Ila mtu asije akasoma uzi huu akavuka nao maji. Huku Unguja, Mji Mkongwe, migahawa mingi haiuzi kilevi na haitaki kukiona mezani, hata ukilipa. Kuuliza huku chupa umeishika mkononi ni kumtia mwenye nyumba katika mtihani. Ulizeni kwanza, kwa adabu, chupa ikiwa hotelini.

Mbongo Melbourne
Huku niliko ni jambo la kawaida kabisa. Lilianza tangu enzi leseni za kuuza pombe zilipokuwa ngumu kupata, migahawa midogo ikaacha wateja waje na chupa zao. Mpaka leo utaona mlangoni wameandika herufi BYO, yaani "bring your own", njoo na chako. Lakini mingi inaruhusu mvinyo tu, ukija na konyagi au kreti ya bia unarudishwa nayo.

Kuhusu glasi: ziache, mkuu. Mgahawa wa vitambaa vyeupe una glasi nzuri, na ukitoa zako kwenye gazeti mezani umewaambia zao hazifai. Mwenye glasi zake nimemwona mara moja tu, kwenye mgahawa wa tambi wenye bilauri nene kama za uji, na hata yeye aliomba ruhusa kwanza.

Zabibu za Dodoma
Nyote mnazungumzia adabu, hakuna aliyeuliza la maana. Baba Wawili, hiyo chupa miaka kumi yote ilikaa wapi?

Baba Wawili
Tabata ilikuwa kabatini. Kimara na hapa Goba iko juu ya friji.

Zabibu za Dodoma
Juu ya friji! Pole sana. Pale ni mahali pa joto na mtikisiko, na Dar yenyewe ni joto. Mvinyo unataka ubaridi, giza na utulivu, chupa ikiwa imelala ili kizibo kisikauke. Iangalie leo. Kama kizibo kimejisukuma juu, au kuna doa la mchuruziko chini ya lile karatasi la shingoni, au kiwango kimeshuka, jiandae kisaikolojia.

Siku moja kabla isimamishe wima ili machicha yatulie chini. Usiende nayo kwa bodaboda. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kutoka. Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba wanamaanisha vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, siyo sebule ya Goba. Lile dude lako la tumbo pana liulizie kwenye simu, huenda wanalo lao. Kwa mvinyo mzee kazi yake ni kuacha machicha nyuma, kwa hiyo umiminwe taratibu na unywewe mapema. Ukiuacha upumue saa nzima utakata roho.

Kizibuo chako beba, lakini kikae mfukoni. Anayefungua ni mhudumu. Kizibo cha miaka kumi hukatika, akikwama atakiomba. Na ukikuta umeharibika usimlaumu mtu, si wa kwao. Andaa akiba moyoni, uone kama wana chupa ya Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, tunazipita tunakimbilia za wenzetu.

Kaunta ya Zamani
Huyo msikilize. Bakshishi hesabu kama chupa umeinunua pale, maana kazi ni ileile. Na kuna desturi ya kumkaribisha meneja au mhudumu aonje kidogo, mnywaji atafurahi sana. Mkaribishe mara moja. Akisema asante, yameisha, wengine dini hairuhusu na wengine wako kazini. Chupa usiingie nayo ikining'inia kwenye mfuko wa sokoni. Ifungeni kitenge.

Baba Wawili
Mrejesho, wakuu. Nilipiga simu saa tisa, dada mmoja akasema karibuni, kokeji 25,000. Glasi nimeziacha, dude la tumbo pana wanalo lao. Mlangoni kijana akanizuia kweli, nikataja jina la yule dada, akatabasamu.

Kizibo kilikatika katikati. Kizibuo chao kikashindwa, nikatoa changu, nacho kikashindwa. Kijana akakisukumia ndani, akachuja kwa kichujio cha chai. Mke wangu akaonja wa kwanza. Akanitazama, akasema, "Baba, hii ni ya kachumbari."

Tukacheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Tukaagiza chupa ya Dodoma, na kokeji wakaifuta. Bakshishi nimehesabia chupa zote mbili. Ile siki tumerudi nayo nyumbani, na Jumapili kachumbari imeliwa yote. Zabibu za Dodoma, chupa mpya nikinunua niilaze wapi, nyumba haina basement wala kiyoyozi?

Zabibu za Dodoma
Chini ya kitanda, upande wa ukutani. Na usisubiri miaka kumi.