Pete za mguu mmoja au za miguu miwili kwa fimbo ya inzi bandia?

Mtoto_wa_Luchelele: Wakuu habari. Nina ufito (fimbo tupu ya kuvulia) wa kaboni futi 9, nataka kufunga mwenyewe pete za kupitishia mshipi. Nachagua kati ya za titani zenye mguu mmoja na zile za chuma cha pua za miguu miwili. Bei ya titani imenitoa jasho. Kuna tofauti kwenye kurusha au mbwembwe za wauzaji? Nataka kuagiza wiki hii.

Kirumba_B: Mkuu, fimbo namba ngapi, yaani ya mshipi wa uzito gani? Unafuata sato au sangara? Rili je?

Mtoto_wa_Luchelele: Namba 8. Sangara, nasimama kwenye mawe ya Capripoint, Mwanza. Rili bado.

Nyuzi_na_Gundi: Futi 9 inataka pete kama 10, ukiacha ya nchani. Mguu mmoja unafungwa upande mmoja. Miguu miwili ni nyuzi mara mbili, gundi mara mbili. Jumla ni gramu chache, ila gramu ya nchani haifanani na ya mpinini. Ncha ikilemewa, ufito unachelewa kunyooka na unatikisika ukishausimamisha. Mshipi unaondoka na mawimbi.

Babu_Sangara: Miguu miwili, basi. Pete ya mguu mmoja ikigonga ukingo wa mtumbwi inalala.

Kamanga_Ng'ambo: Ngoja niwape yangu. Namba 6 yangu iling'oka pete karibu na ncha, nikampa fundi mmoja, jina tuache. Ikarudi imependeza balaa: nyuzi nyekundu ndefu, chini yake tabaka jingine la nyuzi, gundi imevimba kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa. Pete zote kazifunga upya, wala sikumtuma! Kurusha sasa: kitanzi cha mshipi hewani kinafunguka, inzi anaangukia miguuni. Nikaambiwa nifunge rili nzito, itakaa sawa. Kweli, nikiilaza juu ya kidole inasimama sawa. Kurusha kulekule, na mkono unachoka mapema. Nikachana nyuzi zote kwa wembe, nikafunga fupi, gundi tabaka mbili nyembamba. Ikafufuka.

Babu_Sangara: Hiyo kesi ya gundi, siyo ya pete. Usimtishe kijana.

Nyuzi_na_Gundi: Babu, vyote ni uzito. Rili inasawazisha fimbo ukiwa umeishika tu, ncha inabaki na mzigo wake. Kijana, ya kwanza chini weka ya miguu miwili, nchani mguu mmoja wa chuma, hela ya titani nunulia mshipi. Zishike kwanza kwa solotepu, karushe uwanjani, ndipo ufunge.

Igombe_Kwetu: Mnabishania pete, Capripoint sangara mwenyewe yupo? Juzi nimetoa wa kiganja.

Kirumba_B: Chini ya sm 50 unarudisha ziwani mkuu, sheria.

Igombe_Kwetu: Nilirudisha. Nenda kawaambie wenye makokoro, nyavu za kukokota.

Babu_Sangara: Inzi wa manyoya huyo. Mtupieni furu hai, vile visamaki vidogo vya ziwani, uone kama hayupo.