Kijana wangu ana saa 38 za mazoezi na sheria inataka 65: je, niweke saini?

MamaMsamvu (Erie, Pennsylvania)

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naomba ushauri wenu, hasa wa wazazi waliokwisha kumfundisha mtoto kuendesha gari, na wa walimu wa udereva kama wamo humu.

Mwanangu wa kwanza alitimiza miaka 16 mwezi wa Mei, na wiki hiyohiyo akapata kibali cha kujifunzia. Hapa Pennsylvania kijana aliye chini ya miaka 18 hukaa na kibali hicho kwa miezi sita kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa barabarani, na siku ya mtihani hukabidhi fomu ambayo mzazi au mlezi ameitia saini, akithibitisha kwamba mtoto ameendesha chini ya usimamizi kwa saa zisizopungua 65, kumi kati ya hizo zikiwa za usiku na tano za hali mbaya ya hewa. Zamani zilikuwa 50. Ziliongezwa mwishoni mwa mwaka 2011. Hakuna anayekuja nyumbani kukagua daftari. Serikali inamwamini mzazi, basi.

Miezi sita inatimia baada ya wiki mbili, na siku ya mtihani tumekwisha kuipata. Jana niliketi na daftari letu nikajumlisha, nikakuta saa 38. Za usiku ni tatu na robo. Za mvua ni moja tu, na theluji hatujaigusa. Sababu ni kazi: mimi hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu huondoka alfajiri, na gari ni moja.

Kijana ananiambia, "Mama, wenzangu wote wamejaziwa na wazazi wao." Na lazima nikiri kwamba anaendesha vizuri. Hana papara, hasahau indiketa, na kuegesha katikati ya magari mawili ananishinda mimi. Amepata kazi ya jioni dukani, kwa hiyo leseni yake ingenipunguzia safari mbili kila siku, tena katika saa ambazo ningepaswa kuwa nimelala.

Mimi mwenyewe nilijifunzia Morogoro kwa wiki nne, katika gari la gia la shule ya udereva, na sidhani kama nilifikisha saa 20 nikiwa nimeshika usukani. Sijawahi kugonga mtu wala kitu. Ndiyo maana najiuliza kama hizi saa 65 zina maana kweli, au ni namba ambayo wakubwa waliipanga mezani. Na kama zina maana, tuzitumie vipi hizi zilizobaki?

MwalimuWaLikoni (Mombasa)

Dada, shikamoo kama umenizidi umri, na hongera kwa kuuliza kabla ya kushika kalamu.

Nimefundisha udereva kwa miaka 19, na katika gari langu la kufundishia kuna breki ya pili upande wangu. Kwa miaka hiyo yote nimempima kila mwanafunzi kwa mguu wangu wa kulia. Siku za mwanzo mguu huwa juu ya ile breki muda wote. Baadaye nauweka sakafuni, lakini unashtuka mara tatu au nne katika safari moja. Mwanafunzi huwa tayari kwa mtihani pale ninapofika mwisho wa safari nikagundua kwamba mguu haukushtuka hata mara moja, na hilo nataka litokee siku kadhaa mfululizo, katika barabara ambazo hakuzizoea. Wewe huna breki ya pili, lakini mguu unao. Jiulize umekanyaga sakafu mara ngapi wiki hii.

Vijana hujifunza mikono na miguu upesi kuliko watu wazima. Gari la otomatiki mtoto wa miaka 16 hulimudu ndani ya saa kumi, na hapo wazazi wengi hudanganyika, kwa sababu wanachokiona ni usukani uliotulia. Kinachochelewa ni macho. Matatu ikisimama kando ya barabara pale Changamwe, mwanafunzi wangu huiona matatu. Mimi naona miguu ya watu chini yake, upande wa pili, na najua kwamba kuna mtu anayetaka kuvuka mbele ya gari hilo bila kutazama. Hakuna somo la darasani linalompa mtu macho hayo. Hapa kwetu, katika mtihani, mtahiniwa amekuwa akisogeza kigari kidogo juu ya ubao wenye mfano wa mji ili aonyeshe kwamba anajua nani apite kwanza kwenye njia panda, na ubao ule una faida yake, lakini juu yake hakuna miguu ya mtu.

Fanya jambo moja kuanzia kesho: mwambie aendeshe huku akitamka kila anachokiona ambacho huenda kikabadilika. "Lile gari limewasha taa za nyuma. Yule mtoto ana mpira. Taa ile imekuwa ya kijani muda mrefu, inaweza kubadilika." Mkae hivyo dakika kumi. Akinyamaza kwa kukosa la kusema barabarani penye watu, utajua mwenyewe kwamba bado.

Kuhusu Morogoro, hukujifunza kwa wiki nne. Ulipata leseni kwa wiki nne, kisha ukaendelea kujifunza peke yako, na pengine ulikuwa mtu mzima ambaye hana rafiki watatu kiti cha nyuma wanaomwambia aongeze mwendo.

BabaMapacha (Melbourne)

Huku jimbo la Victoria, Australia, mtoto anayejifunza kabla ya miaka 21 anatakiwa kuandikisha saa 120, 20 kati yake zikiwa za usiku, na akae na kibali mwaka mzima. Leseni yenyewe huipata akifikisha 18. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliona ni adhabu. Nilikuwa na mapacha, kwa hiyo kwangu zilikuwa saa 240.

Naomba nikueleze tulipokosea ili usipite njia hiyohiyo. Saa zetu za mwanzo, kama 40 kwa kila mmoja, zote zilikuwa za kwenda shule, kwenda dukani na kurudi nyumbani. Daftari lilijaa vizuri. Siku moja tukaenda kumsalimia mgonjwa upande mwingine wa mji, binti akiwa usukanini, tukafika mahali ambapo barabara mbili zinaungana kuwa moja na magari yanatakiwa kuingiliana kwa zamu. Alisimama kabisa. Katikati ya barabara kuu, gari limesimama, na nyuma yetu lori linapiga honi. Alikuwa na saa 40 lakini zote za mtaa mmoja. Tangu siku hiyo tuliacha kuhesabu saa peke yake, tukaanza kuandika pembeni ni barabara gani mpya na ni hali gani mpya.

Umeuliza kama namba ina maana. Uswidi mwaka 1993 walishusha umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, na umri wa leseni wakauacha palepale kwenye 18. Watafiti waliowafuatilia vijana waliotumia nafasi hiyo walikuta kwamba kwa wastani walifanya mazoezi karibu saa 120, ilhali wengine hawakufika 50, na baada ya leseni walipata ajali chache kwa kiasi kikubwa. Wapo wanaosema kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na aina ya familia zilizokuwa na muda na hamu ya kufundisha, na mimi nawaelewa. Hata hivyo wewe uliyekuja kuuliza hapa tayari ni familia ya aina hiyo.

NduguWaLouisville

Nitasema tofauti, na naomba nisieleweke vibaya. Sheria hizi zimeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye magari mawili na mzazi anayerudi saa kumi na moja jioni. Mama anayefanya kazi usiku, mwenye gari moja, anazipata wapi saa 27? Mimi nilifika Marekani nikiwa mkubwa, nikapewa leseni bila mtu yeyote kuniuliza nimeendesha saa ngapi. Mtoto huyu anaendesha vizuri na kazi amepata. Mngemwacha afanye mtihani, na mtahini ndiye aamue.

DerevaWaMasafa (Harrisburg)

Ndugu wa Louisville, uchungu wako naujua, maana nami nina gari moja la familia na lori si langu. Lakini mtahini hukaa na mtoto dakika chache, mchana, tena karibu na kituo chake. Hatamwona usiku wala kwenye barafu. Anayejua habari hizo ni mama peke yake, na ndiyo maana wakaomba saini yake.

Mama Msamvu, kabla ya yote: kibali chenu ni cha mwaka mmoja. Miezi sita ni muda wa chini wa kusubiri, si tarehe ya mwisho. Ukiisogeza siku ya mtihani hadi katikati ya Januari, hakuna kinachoharibika. Mna saa 27 zilizobaki, ambazo ni saa tatu kwa wiki kwa wiki tisa, na si lazima zote ziwe zako, kwa kuwa mtu yeyote mwenye leseni aliyetimiza miaka 21 anaweza kuketi kiti cha mbele na kumsimamia. Kama kuna shemeji au jirani mnayemwamini, mwombeni jioni moja kwa wiki. Na zile safari za kumpeleka kazini na kumrudisha, kwa nini uendeshe wewe? Mwezi huu jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo saa za usiku mtazipata kwenye safari hizohizo bila kuongeza hata galoni moja ya mafuta.

Hali mbaya ya hewa sitaki uiache hata kidogo, kwa sababu unaishi Erie, na theluji ya ziwani inaweza kukufunika ukiwa umetoka nyumbani kukiwa kweupe. Nitakusimulia ya mwanangu. Baada ya theluji ya kwanza nilimpeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, nikamwambia afikishe maili 15 kwa saa kisha akanyage breki kwa nguvu zote. Akakanyaga. Kanyagio likaanza kutetemeka chini ya kiatu chake na kutoa mlio kama kitu kinachosaga, naye akashtuka akaondoa mguu, gari likateleza mbele kama jabali. Alidhani ameivunja. Kumbe zile ni breki za kisasa zinazojiachia na kujishika zenyewe ili magurudumu yasikwame, na dereva anatakiwa akandamize bila kuachia huku akielekeza usukani anakotaka kwenda. Tulirudia mara 20 hivi, mpaka mguu ukazoea ule mtetemo. Afadhali ashtuke uwanjani.

Mfundishe pia habari za kulungu, maana mwezi huu wa Novemba ndio wanaovuka sana, alfajiri na magharibi. Akimwona mmoja apunguze mwendo akijua wa pili yuko nyuma yake, na akikosa nafasi ya kusimama akanyage breki abaki kwenye mstari wake, asikate usukani kumkwepa, kwa kuwa mti na gari linalokuja ni vibaya kuliko mnyama.

Na hata akipata leseni, kazi haijaisha. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ndiyo yenye ajali nyingi kuliko ile aliyokuwa nawe pembeni. Leseni yake ya ujana itamkataza kuendesha kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa sababu chache kama kazi, na kwa miezi sita ya mwanzo hataruhusiwa kubeba zaidi ya kijana mmoja wa chini ya miaka 18 asiye wa familia. Mimi wangu nilimwambia hata huyo mmoja asimbebe, na alininunia wiki nzima.

MamaMsamvu

Nimesoma kila neno, na mwanangu nimemsomea. Ndugu wa Louisville, asante kwa kunionea huruma. Umesema yaliyokuwa moyoni mwangu jana usiku.

Leo alasiri tumelijaribu zoezi la Mwalimu. Mtaani kwetu alitamka vizuri sana, hata nikaanza kujivuna. Tulipoingia barabara ya dukani alinyamaza. Basi la shule mbele yetu lilikuwa limewasha taa za njano, za kuonya kwamba linakaribia kusimama, nikasubiri alitaje, hakulitaja, na nilipotazama chini mguu wangu ulikuwa umekanyaga sakafu. Alisimama kwa wakati, ila alisimama kwa sababu taa zilikuwa nyekundu tayari. Tulipofika nyumbani hakutoka garini mara moja. Akaniuliza, "Ulijuaje kabla?" Nikamwonyesha kwamba kando ya barabara kulikuwa na mwanamke mwenye koti la buluu aliyekuwa amesimama peke yake bila kuvuka, na saa ilikuwa ya watoto kurudi.

Mtihani nimeusogeza hadi tarehe 17 Januari. Kazini atakwenda akiendesha yeye, nami kando, na Jumatano mdogo wake mume wangu amekubali kumchukua. Daftari tumeongeza safu ya pili kama alivyosema Baba Mapacha. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tutaingia barabara kuu ya I-90 kwa mara ya kwanza, hadi njia ya kutokea inayofuata tu, kisha tunatoka. Mwalimu, nina swali moja lililobaki: mtoto akishtuka akiwa kwenye mwendo wa maili 65, mzazi aseme nini, na kwa sauti gani, ili asimzidishie hofu?

MwalimuWaLikoni

Sema neno moja la kitendo, taratibu, kama unayemwomba chumvi: "Punguza." Au "Baki." Usiseme "Angalia!", kwa kuwa hatajua aangalie wapi, na usimshike mkono. Mkubaliane maneno hayo nyumbani kabla hamjawasha gari, kisha mkitoka barabara kuu muegeshe mahali salama, ndipo mzungumze.