Mtoto ana vidonda vya utumbo mpana, damu haijakoma: nimwachishe prednisoloni?

MamaTausi
Habari zenu wakuu. Mtoto ana miaka 9, kilo 28. Kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) imeonyesha vidonda utumbo mpana wote. Anatumia mesalazini (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo) gramu 1 kwa siku na prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 25 kwa siku, hii ni wiki ya tatu. Choo kimepungua toka mara nane hadi tatu, ila damu bado. Uso umevimba, njaa haimwishi. Nataka kumwachisha prednisoloni. Ushauri tafadhali.

Mfamasia_K
Usiikate ghafla, mama. Kwa wiki tatu tezi zilizo juu ya figo zimezembea kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo. Ukiikata, mtoto anaweza kulegea, kutapika, presha na sukari vikashuka. Hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 5 kwa wiki kwa ratiba ya daktari, hadi kozi nzima iishe ndani ya wiki 8 hadi 10. Dozi yote apewe asubuhi baada ya kula, maana ya jioni hufukuza usingizi. Uso utarudi kawaida dozi ikishuka.

Kinachonishtua ni mesalazini. Kwa mtoto ni miligramu 60 hadi 80 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 28 zinataka kama miligramu 1,700 hadi 2,200, kwa hiyo anapata karibu nusu. Mpelekee daktari hesabu hiyo. Vidonge visisagwe: ganda ndilo linaloifikisha dawa kwenye utumbo mpana. Akishindwa kumeza, ulizia ya chembechembe.

Sista_Zamu
Na enema ya mesalazini (dawa ya maji ya kuingiza njia ya haja kubwa) mmeambiwa? Ya mdomo pamoja na ya njia ya haja kubwa hufanya kazi vizuri kuliko ya mdomo peke yake, hata kama utumbo wote umeathirika. Aende choo kwanza. Pasha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itikise, paka ncha mafuta. Alale ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa, kisha minya polepole. Ikiwa baridi au ukiminya haraka, utumbo unajikaza na dawa yote inatoka. Abaki amelala nusu saa. Wakati mzuri ni kabla ya kulala usiku.

MamaTausi
Asanteni sana. Tumbo likimuuma je?

Sista_Zamu
Parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hapana, huchokoza vidonda. Dawa za kufunga kuhara pia hapana, utumbo uliowaka unaweza kutanuka hadi kupasuka. Homa, tumbo kujaa, au damu nyingi na choo cha usiku: hospitali siku hiyohiyo.

Dkt_Mwanga
Nyongeza. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, choo kipimwe vijidudu vya amiba, shigela na *Clostridioides difficile*. Maambukizi huiga mlipuko wa ugonjwa. Damu ikiongezeka na homa wiki za mwanzo za mesalazini, wakati mwingine ni mesalazini yenyewe inamkataa, basi mpigieni daktari mara moja. Figo zipimwe kila baada ya muda.

Ugonjwa ukirudi kila prednisoloni inaposhuka, si jibu kuirudisha tena na tena, inadumaza urefu na mifupa. Hapo kuna dawa za kutuliza kinga ya mwili: azathioprini, ambayo huchukua miezi kama mitatu kushika na inahitaji damu kupimwa mara kwa mara, au infliksimabu ya mshipa: wiki ya 0, 2 na 6, kisha kila wiki 8. Kabla ya infliksimabu apimwe kifua kikuu. Kadi ya chanjo ikaguliwe mapema, kwa sababu chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) kama ya surua haitolewi akiwa kwenye dawa hizo.