Kingamwili ya RAD21: bendi inatoka 130 badala ya 72. Niirudishe?

Mkata_Jeli_Dom

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, nasoma uzamili, na nimekwama kwenye westani bloti, kile kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli na kuitambua unayoitaka kwa kingamwili. Tumenunua kingamwili ya sungura ya kutambua RAD21, ile protini ya kohesini inayoshikilia kromatidi dada (nakala mbili za kromosomu moja) zisiachane kabla ya wakati. Karatasi iliyokuja nayo inasema protini ina asidi amino 631, uzito kilodaltoni 72. Sasa mimi nikipitisha sampuli ya seli za HEK293 (za figo ya binadamu, zinazokuzwa maabara) napata bendi nene pale 130, na nyingine hafifu chini kidogo ya 70. Kwenye 72 penyewe hamna kitu.

Msimamizi wangu anasema hiyo hafifu ndiyo RAD21, ya juu ni uchafu, kingamwili ni mbovu, irudishwe. Na kweli mzigo ulilala kwa wakala Dar wikendi nzima; tulipofungua boksi, barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Muuzaji naye anasema kichupa kimeshafunguliwa, hapokei. Hela imelala hapo, na si ndogo.

Jeli yangu ni ya asilimia 10. Utando nauzuia kwa maziwa ya unga, kingamwili isishike ovyo. Seli nakwangua zote, nakusanya na midia yake (maji ya kukuzia), nazungusha, navunja.

Kaka_Pipeti

Mkuu, kingamwili ikishapigwa na joto imekwisha hiyo. Mbane muuzaji, usimwachie.

Zuwena_B

Pole mdogo wangu. Maziwa gani hayo? Kama ni ya kopo ya kutilia chai, yana mafuta, utando utakuwa na madoa kila mahali. Tafuta yaliyoondolewa mafuta.

Mama_Bafa

Mwanangu, usipapatike, na hicho kichupa usikirudishe. Nimeshika bloti tangu enzi za filamu na chumba cha giza, na RAD21 ya binadamu sijawahi kuiona ikikaa 72. Inakaa 120 hadi 130. Hiyo 72 ni hesabu ya kwenye karatasi: wamejumlisha uzito wa asidi amino, basi. Ndani ya jeli protini haipimwi kwenye mizani, inakimbizwa. RAD21 imejaa asidi amino zenye chaji hasi na juu yake inabandikwa fosfeti, kwa hiyo inajikokota. Bendi yako nene iko nyumbani kwake.

Hiyo hafifu ndiyo iliyonifanya niandike usiku huu. Kingamwili yako ilitengenezwa dhidi ya upande gani wa protini? Angalia kwenye karatasi. Kama ni mwisho wa C, yaani mkia wa mnyororo wa asidi amino, nina mashaka na kifo cha seli. Seli ikianza kujiua, kaspesi 3 na 7, vimeng'enya vya kujiua kwa seli, huikata RAD21 baada ya asidi aspatiki ya 279, na kipande cha upande wa C huonekana karibu na 65. Hilo limeandikwa tangu 2002. Usichanganye na separesi, ambayo ndiyo hufungua pete ya kohesini ili kromatidi ziachane. Yenyewe hukata kwingine, kwenye 172 na 450. Ukichukua hako kabendi ka chini ukakaita RAD21, tasnifu nzima utakuwa unapima maiti.

Umeme nao je? Huku kwetu ukikatika mchana wa Oktoba, inkubeta haina habari na wewe. Seli zinateseka, nyingine zinabanduka na kuelea, na wewe unazivuna zote kwa pamoja. Fanya hivi, haigharimu hata shilingi: mwaga midia kwenye mrija wake, zungusha, hizo ndizo zilizokuwa zinaelea. Zilizobaki zimeshika sahani zioshe kwa upole, kisha uzivunje peke yake. HEK zinabanduka hata ukizipumulia, kwa hiyo mimina bafa kwenye ukuta wa sahani, usimimine juu yake. Pitisha sampuli hizo mbili kwa kiasi sawa cha protini, ubavu kwa ubavu. Jeli shusha iwe asilimia 8, pale juu panabanana mno.

@Kaka_Pipeti, joto la siku mbili tatu haliui kingamwili kirahisi hivyo. Kinachoiua ni kugandisha na kuyeyusha, kugandisha na kuyeyusha. Mwanangu, igawe leo kwenye vichupa vidogo, uweke nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama ina gliseroli nusu kwa nusu, haitaganda hata humo.

Zuwena_B

Shikamoo Mama Bafa. Nidandie hapohapo: mimi natumia kingamwili ya RAD21 kwenye hadubini ya mng'ao. Viini vinawaka vizuri, ila seli zinazogawanyika kromosomu zake ni giza. Ni kingamwili?

Mama_Bafa

Marahaba. Hapana, ni baiolojia. Kwenye profezi, yaani mwanzo wa mgawanyiko, protini iitwayo WAPL huiondoa kohesini nyingi mikononi mwa kromosomu. Inayobaki iko sentromia, kiunoni mwa kromosomu, inalindwa na protini ya shugoshini, nayo ni kidogo. Osha seli kwa sabuni ya Triton kabla ya kuzikaza, ile inayoelea itoke, ndipo utaona vinukta.

Mkata_Jeli_Dom

Mrejesho wakuu. Karatasi inasema mwisho wa C. Seli zilizoshika sahani: 130 tupu, chini hakuna kitu. Zilizoelea: ya chini nene, ya juu imefifia. Msimamizi ameitazama filamu kimya, halafu akauliza, "Na 130 umejuaje kwamba ndiyo yenyewe?"

Mama_Bafa

Kauliza vizuri, mpe haki yake. Nilichokupa mimi ni uzoefu, mwenzako anataka ushahidi. Agiza siRNA ya RAD21, vipande vya RNA vya kuzima jeni yake, na ile ya kulinganishia isiyolenga jeni yoyote. Vuna baada ya saa 48, usingoje sana, kwani seli zisizo na kohesini hazigawanyiki sawasawa na utaanza kuvuna wafu tena. Bendi ya 130 ikipungua na tubulini, protini ya kulinganishia, ikabaki palepale, umemaliza. Isipopungua, ndipo turudi kwa muuzaji. Ukiwa na kingamwili ya SMC3, mwenzake RAD21 kwenye pete ya kohesini, ivute RAD21 kwa hii uliyonayo uone kama SMC3 inakuja nayo.

Kaka_Pipeti

Agizeni mzigo ufike Dar Jumatatu au Jumanne. Mtu apande SGR asubuhi na kiboksi cha barafu mkononi, mchana yuko Dodoma. Wakala asiguse.